Injini iliyolala haiamshwi kwa mteremko

Bukavu ni mji wa vilima, na dereva wa hapa hujifunza mapema kuutumia mlima badala ya betri. Gari likikataa kuwaka linatiwa gia, vijana wawili watatu wanalisukuma, mteremko unalipokea, klachi inaachiwa ghafla na moshi unafumuka kwenye egzosi. Kwa gari lililokuwa barabarani jana, sioni ubaya mkubwa. Tatizo ni kwamba mbinu hiyohiyo inatumiwa kwa Mercedes ya pua iliyokaa miaka kumi na mitano nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, ikinyeshewa. Mwenye gari amepata teremko au betri ya kuazima, fundi ametia mazutu mapya, majirani wamekusanyika, na wote wanangoja mngurumo. Hoja yangu ni kwamba mngurumo huo unaoshangiliwa ndio, mara nyingi, unaoiua injini ambayo ingeweza kufanya kazi miaka mingine mingi. Uzima wa injini ya zamani huamuliwa kabla haijawashwa, katika siku chache za kazi isiyo na kelele yoyote, kazi ambayo hatujazoea kuilipia.

Magari yenyewe si takataka. Ni Land Rover za Series III, Land Cruiser za FJ40, Volkswagen Coccinelle, na zaidi ya yote malori ya Mercedes-Benz ya aina ya 911 yenye injini ya OM352: silinda sita, ukubwa wa lita zinazokaribia 5.7, injini ya mazutu iliyobeba chai, saruji, bia, mihogo na watu katika barabara ambazo malori ya leo yanazilalamikia. Yalinunuliwa na parokia, na mashamba, na wafanyabiashara. Yakalala kwa sababu mbalimbali. Mengine yalizimwa na vita, ile ya 1996, ile ya 1998, na machafuko ya Juni 2004, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba gari linalowaka ndilo linaloporwa kwanza. Mengine yalizimwa na kifo cha mwenyewe na ugomvi wa warithi uliofuata, au na kipuri kimoja tu kilichokosekana. Sasa yanaangaliwa tena kwa jicho la matumaini. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na fedha taslimu zikawa adimu. Familia yenye lori la marehemu baba chini ya mti haina uwezo wa kuagiza jingine kutoka Dubai au Japani. Lori hilo ndilo mtaji wao, na kwa sababu hiyohiyo inaniuma kuona linavyoamshwa.

Tuanze na kile kinachotokea ndani ya injini inayolala. Wiki chache baada ya kuzimwa, oili iliyokuwa imepaka beringi, shafti na kuta za silinda inashuka yote kwenye karteri. Chuma kinabaki wazi. Injini ya silinda sita haisimami kamwe ikiwa na vali zote zimefungwa. Daima kuna silinda ambayo vali yake ya moshi au ya hewa imebaki imefunguka, na kupitia hapo unyevu unaingia kwa miaka yote hiyo. Mvua zetu zinaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Ukifungua injini ya namna hiyo utaona silinda nne zinang'aa vizuri kabisa, na ya tano ina mstari wa kahawia ukizunguka ukuta, pale hasa ringi za pistoni zilipokuwa zimegusa. Mstari huo ni mwembamba, hauzidi upana wa ukucha, lakini ni kutu iliyoishikamanisha ringi na silinda. Kwingineko, kwenye pampu ya mazutu, nafasi kati ya pistoni ndogo na ukuta wake ni milimita 0.002 hivi, na mazutu yaliyokauka yanaacha humo gundi inayotosha kabisa kuikwamisha. Kwenye injini ya esanse, kabureta inajaa utando wa njano na platini zinaota ukungu. Mipira yote inakuwa migumu. Maji yaliyobaki kwenye rejeta yanakula chuma polepole.

Sasa liweke lori hilo kwenye mteremko. Stata ina udhaifu wake, na udhaifu huo ni ulinzi: ikikutana na pistoni iliyoganda inagonga mara moja na kunyamaza, na fundi mwenye akili anaelewa kwamba ameambiwa jambo. Lori la tani tano linaloteremka halina adabu hiyo. Haliwezi kusimama kwa sababu silinda ya tano imekataa. Uzito wote unaisukuma pistoni, ringi zinavunjika au zinalima ukuta, na chuma kilichochubuka kinabebwa na oili hadi kwenye beringi. Ikiwa kuna maji juu ya pistoni, hali ni mbaya zaidi, maana maji hayabaniki. Kitakachopinda ni mkono wa pistoni. Halafu injini ikiwaka kwa njia hii inaruka mara moja kwenye mwendo wa kasi, wakati oili bado haijafika juu, na beringi zinasaga chuma kwa chuma. Na kuna jambo ambalo linapaswa kutisha kuliko yote hayo: lori hilo halina breki. Mipira ya silinda za breki imekauka kwa miaka ileile ambayo injini ilikauka. Kulisukuma lori lisilo na breki katika mji ambao kila teremko linaishia kwenye soko, shule au ziwa, ni kucheza na roho za watu.

Kazi inayostahili ni ya namna nyingine. Oili ya zamani inatolewa na kutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na sababu yake itafutwe kwanza, gasketi au silinda hedi. Nozeli zinatolewa, au plagi kama ni injini ya esanse, na kila silinda inamiminiwa vijiko viwili vitatu vya oili nyepesi, ambayo mafundi wengi huichanganya na mazutu ili ipenye. Kisha mtu anakwenda zake. Siku moja, siku mbili, injini ikiwa imeganda hata wiki. Baada ya hapo spana ndefu inafungwa kwenye boliti ya puli ya mbele, na injini inazungushwa kwa mkono, sentimita chache mbele, sentimita chache nyuma, bila kulazimisha. Fundi mzuri anasikiliza kwa kiganja. Ugumu unaolegea taratibu kila anaporudi ni gundi na kutu nyepesi. Ugumu unaogota mahali palepale kila mara ni chuma kimesimama mbele ya chuma, na hapo anaacha spana na kufungua. Ikiisha kuzunguka mara mbili kamili, kifuniko cha roka kinatolewa na vali zote 12 zinatazamwa moja baada ya nyingine kama zinapanda na kushuka. Vali moja iliyonata, ukiwasha, inapinda fimbo yake au inagongwa na pistoni.

Mengine ni ya kawaida na nayapitia haraka: tangi lisafishwe, si kuongezwa mafuta mapya juu ya matope, filta zibadilishwe, mipira na rejeta vikaguliwe, mazutu yatolewe hewa hadi yatiririke bila mapovu, breki zitengenezwe kabla ya injini na si baada yake. Lakini kuna hatua moja ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zangu zote. Nozeli zikiwa bado zimetolewa na kamba ya kuzimia ikiwa imevutwa, injini izungushwe kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka mshale wa oili upande na oili ionekane ikichuruzika kwenye roka. Bila mbano ndani ya silinda, stata inazunguka kwa wepesi na beringi hazibebi mzigo. Ni dakika chache tu. Katika dakika hizo oili inarudi kwenye kila njia iliyokauka, na injini inapowaka baadaye haitasaga chuma kikavu.

Siku ya kuwasha, watu watatu wanatosha, na majirani wakae mbali. Mmoja yuko kwenye ufunguo na macho yake yako kwenye mshale wa oili, si kwenye moshi; sekunde kumi zikipita bila mshale kusogea, anavuta kamba ya kuzimia. Wa pili amesimama kwenye mdomo wa hewa akiwa na kipande cha mbao kinachouziba wote, kwa sababu pampu iliyokwama kwenye kipimo cha juu itaipandisha injini kasi bila breki yoyote, na ufunguo hauzimi injini ya mazutu ya zamani. Hapo kinachoizima ni kukosa hewa. Wa tatu ana kizima moto au ndoo ya mchanga. Kwa injini ya esanse, hakuna kumimina esanse kwa chupa kwenye kabureta huku mtu ameinama juu yake. Watu wameungua uso kwa njia hiyo. Injini ikiwaka iachwe itulie kwenye mwendo wa chini. Kuna hali moja tu tofauti: injini ya zamani iliyofungwa shafti mpya ya vali na tapeti zake bapa hupelekwa mara moja kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika na kushikiliwa hapo dakika 20 hivi, kwa sababu sehemu hizo hupata oili ya kurushiwa, na kwenye mwendo wa chini haizifikii vya kutosha. Anayejua tofauti ya hali hizo mbili anastahili kuitwa fundi na kulipwa kama fundi.

Kama kuna anayedhani kwamba haya ni mambo ya vitabu vya Wazungu, historia ya ziwa la jirani itamjibu. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakikimbia, waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi nene, kila mahali penye chuma kilicho wazi, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mashine zilikutwa zinafaa kutumika. Ikarudi majini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba, na watu wa Uvira na Kalemie wameijua kwa jina hilo hadi leo. Miaka minane chini ya maji! Ni kweli mashine za mvuke hazina pampu ya milimita 0.002, na sisemi kwamba grisi ingeiokoa OM352 ziwani. Nasema kwamba mashine ile haikuokolewa siku ilipowashwa. Iliokolewa na watu waliofikiria kuwashwa kwake kabla haijalala, pamoja na wengine ambao, walipoipata, walisafisha na kukagua kwanza.

Najua pingamizi la kwanza nitakalopewa na wazee wa karakana: Benz ngapi zimesukumwa zikawaka, na bado zinatembea? Ni kweli, na injini hizo zinastahili sifa zote zinazopewa. Lakini ushahidi huo una kasoro. Lori lililosukumwa likapona liko barabarani, kila mtu analiona na mwenyewe anasimulia. Lililosukumwa likafa limeuzwa chuma chakavu, na mara nyingi hakuna aliyejua lilikufa kwa nini, kwa sababu halikufa siku hiyo. Liliwaka. Lilipigiwa makofi. Likafanya kazi wiki sita, likaanza kula oili, likatoa moshi wa buluu, kisha beringi ikagonga mahali fulani kwenye kupanda kwa Ngomo. Wakati huo lawama imehamia kwa dereva, kwa oili bandia au kwa barabara. Hakuna anayeirudisha lawama kwenye ile asubuhi ya shangwe.

Pingamizi la pili ni la fedha, na ni zito zaidi. Mapatano yetu ya kawaida kati ya mwenye gari na fundi ni rahisi: ukiliwasha, nakulipa. Maneno hayo mawili yameua injini nyingi kuliko kutu. Fundi ambaye chakula cha watoto wake kinategemea mngurumo hana sababu ya kumimina oili kwenye silinda na kurudi kesho kutwa. Kila siku ya subira inamtoka mfukoni mwake. Mwenye gari naye, akiona siku tatu zimepita na gari liko kimya, anahisi anaibiwa. Wote wawili ni watu wa kweli katika shida ya kweli. Dawa si kuwahubiria, ni kubadili mapatano. Kazi ya kuandaa ipatanwe peke yake na ilipwe peke yake, injini iwake isiwake, na mwenye gari aje kuiona kila hatua: oili iliyotolewa, vali zinazocheza, mshale uliopanda. Malipo ya kuwasha yawe madogo, na sehemu yake ibaki mkononi mwa mwenye gari hadi lori litembee wiki mbili. Hapo faida ya fundi na faida ya injini zinakuwa kitu kimoja. Gharama yake ni lita kadhaa za oili, filta, gasketi na siku chache za mtu. Iweke mezani pamoja na bei ya kuchonga silinda sita, pistoni mpya na ringi zake, shafti na beringi, vyote vikisafirishwa kutoka Kampala au Nairobi na kulipiwa kila mpaka na kila kizuizi.

Wengine watasema hali ya usalama hairuhusu kuiacha injini wazi wiki nzima. Naliheshimu jambo hilo, kwa sababu karakana nyingi hazina hata ukuta na kipuri kilicholala nje huamka kwa mwingine. Jibu langu ni kwamba kazi hii haihitaji karakana. Haihitaji umeme pia, jambo ambalo si dogo kwa mji ulio karibu na mitambo ya Ruzizi na bado unakatiwa umeme kila mara. Spana, chupa ya oili, kitambaa safi cha kuziba matundu na subira vinatosha, na vyote vinaweza kuingia ndani ya uzio wa mwenye gari. Nozeli sita zinakaa kwenye ndoo ndogo chini ya kitanda hadi siku ya kuzirudisha.

Na wapo wanaouliza kwa nini tujisumbue, magari haya si yanachafua hewa na yamepitwa na wakati? Sitetei kila chuma kizee. Fremu iliyooza na injini iliyopasuka silinda ikatwe iwe vipuri vya nyingine. Lakini lori jipya lililojaa kompyuta, likizimika kati ya Kamanyola na Uvira, linamsubiri mtu mwenye kompyuta. OM352 inamsubiri mtu mwenye spana, na huyo yupo. Kuhusu uchafu, moshi mbaya zaidi unatoka kwenye injini zilizoharibiwa ringi, yaani zilezile zilizoamshwa vibaya. Oili chafu ndiyo inayonisumbua zaidi. Inamwagwa kwenye mitaro, mvua inaipeleka kwenye mito ya Kahuwa na Wesha, na mito hiyo inaishia ziwani, wanakovuliwa sambaza tunaowala. Anayeandaa injini kwa utaratibu anaikinga oili kwenye chombo kwa sababu anataka kuitazama. Amekwisha kufanya nusu ya kazi ya kulilinda ziwa.

Shule za ufundi, ITFM na INPP zikiwa mbele, zina nafasi ya kulifundisha hili kwa namna inayolingana na mahali tulipo. Nitoe mfano mmoja. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko Mombasa au Matadi. Fundi anayepima mbano wa silinda na kulinganisha na namba ya kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari atakuta kila silinda iko chini, na ataihukumu kwamba imekwisha injini ambayo ni nzima. Anachopaswa kutazama ni kama silinda sita zinakaribiana. Kwa hewa hiyohiyo nyembamba, kabureta iliyopangwa kwa pwani inatia esanse kupita kiasi, plagi zinajaa masizi, injini inakataa kuwaka, na gari linapelekwa mteremkoni bila kosa lake. Mwanafunzi akiyajua haya mawili tu, ataokoa magari kadhaa kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza kazini.

Wapo pia wasio na uwezo wa kuliamsha lori lao mwaka huu, na hao ndio wengi. Kwao kuna kazi ya nusu siku inayoweza kufanywa kabla ya mvua za Septemba. Zibeni mdomo wa egzosi na mdomo wa hewa. Toeni maji yote kwenye rejeta na kwenye bloku. Mimineni oili kwenye kila silinda, rudishieni nozeli, na kila mwezi mtu aizungushe injini kwa spana robo ya mzunguko, ili ringi zisilale mahali pamoja na vali isiyofungwa isiwe ileile mwaka mzima. Andikeni tarehe kwa chaki ndani ya mlango, fundi atakayekuja aione.